Mizabibu Iliyovaa Vyandarua

Mama yangu alilima zabibu tangu nikiwa mtoto mchanga, na hajawahi kuonja divai hata tone. Sisi ni Waanglikana wa Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, na kanisani kwetu pombe haikuwa jambo la kujadiliwa. Zabibu zilikatwa, zikapangwa kwenye matenga, zikapakiwa kwenye gari kwenda kwa wale waliojua kuzikamua, na sisi tukarudi shambani kupalilia. Utotoni nilidhani divai ni kitu kinachotokea mbali sana, mahali pamoja na theluji na treni za chini ya ardhi.

Baadaye nikaja kuishi huko huko mbali. Tulipanga Toronto, mtaa wa Crescent Town, ghorofa ya kumi na tisa, mimi na mume wangu na binti yetu wa pekee. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Scarborough. Kila siku niliwaogesha mama za watu, nikawachana nywele, nikawalisha uji kwa kijiko, kisha nikapanda basi kurudi nyumbani nikimfikiria wangu. Baba alikuwa ameshafariki. Shamba aliliangalia kaka yangu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi tukafanikiwa kumleta Mama kwa matembezi, nami moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba hatarudi. Nikaanza kushughulikia karatasi za kumwezesha kubaki moja kwa moja. Kila nilipomweleza tulipofikia, aliitikia kwa upole, "Sawa, mwanangu."

Alifika mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala kwenye vivuli vya majengo. Ikayeyuka, miti ikavaa majani, jua likaanza kukawia kuzama, na Mama bado alikuwa anakaa dirishani. Aliamka kabla yetu wote, akaoga, akafunga khanga juu ya sweta langu zito, akavuta kiti. Chini yake kulikuwa na vilele vya miti na garimoshi linalopita kuelekea kituo cha Victoria Park. Jirani yetu, mama wa Kibangali, alizoea kumletea dengu kwenye bakuli, nao walikaa pamoja kimya, kila mmoja na lugha yake mfukoni. Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa, alielewa kila alichoambiwa na bibi yake, lakini alimjibu kwa Kiingereza. Mama alisema, mtoto akajibu, Mama akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Nilidhani wanaelewana kwa maandazi ambayo Mama alimkaangia.

Mume wangu ni mtu wa Moshi, mkimya, lakini mwenye macho. Yeye ndiye aliyeniambia siku moja jikoni kwamba Mama anapungua. Nikasema anakula vizuri. Akasema hazungumzii chakula.

Mwezi wa tisa akaazima gari-nyumba kwa mwenzake wa kiwandani. Ni gari refu lenye vitanda, jiko, choo na meza ya kulia ndani yake, lile ambalo wastaafu wa kule huzungukia nchi nzima. Alisema tutaenda mashariki, pembezoni mwa Ziwa Ontario, tulale usiku mmoja, turudi. Nilimuuliza tutalala wapi, kwa sababu nilijua kambi za maziwani hujaa. Akanijibu kwamba kuna mwenye shamba anayeruhusu magari kama hayo kulala kwake, hakuna umeme wala bomba, ila pana utulivu. Hakusema shamba la nini.

Shida ilikuwa moja tu, nayo ilitokea hata kabla hatujapakia. Mama alipanda kuliangalia lile gari, akavitazama vile vitanda vilivyotenganishwa kwa pazia, akashuka. Kwetu Wagogo, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hata kule ghorofani mume wangu alikuwa akikohoa kwanza kabla hajaingia sebuleni, na Mama alikula chakula chake akiwa amempa mgongo kidogo. Sasa mkwewe alale nyuma ya kitambaa tu? Mama hakugombana. Alisema tu kwamba sisi twende, yeye atabaki kulinda nyumba. Mume wangu alisikia akiwa kwenye ngazi za gari. Akaenda stoo, akarudi na hema dogo la kijani, akaliweka juu ya masanduku mahali ambapo Mama angeliona. Mama akaliona. Akaenda kuchukua mkoba wake.

Tulisafiri nusu ya siku. Mji uliisha polepole, maghala, kisha mashamba ya mahindi, kisha maji yakawa yanatokea na kupotea upande wa kulia kama mtu anayechungulia. Binti yetu alilala kwenye kitanda cha juu akiwa na vitabu vyake. Mama alikaa mbele, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa kipana na mkwewe alitazama barabara muda wote, hivyo heshima haikuvunjika. Nilikaa nyuma nikiangalia mabega yao. Sikumbuki kama kuna aliyezungumza.

Tulipokata kona kuingia kwenye njia ya kokoto, jua lilikuwa limeshuka na kila kitu kilikuwa na rangi ya asali. Kulikuwa na nyumba ya mbao nyekundu, mti mmoja mkubwa, na nyuma yake mistari. Mistari mirefu ya kijani iliyonyooka kuelekea ziwani, na juu ya mistari hiyo nyavu nyeupe, nyepesi, zimening'inia hadi karibu na nyasi. Upepo ulipopita zilivimba na kutulia, zikavimba na kutulia, kama vitu vinavyopumua usingizini.

Mama alifungua mlango gari likiwa halijasimama vizuri. Akateremka. Akaenda hadi kwenye mstari wa kwanza, akaushika ule wavu kwa vidole viwili.

"Wameivalisha vyandarua," alisema.

Ni kwa sababu ya ndege, nilimweleza baadaye. Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anajishughulisha na gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mwenye shamba alikuwa mwanamke mzee, mrefu, mwenye buti za mpira na nywele nyeupe zilizofungwa kwa kamba ya katani. Aliishi peke yake tangu mumewe afe. Vibarua walikuja wakati wa kuvuna tu. Alituonyesha pa kuegesha, chini ya mti, kisha akatukaribisha kwenye chumba alimohifadhi mapipa. Mlikuwa na ubaridi na giza la kupendeza humo. Alimimina divai kidogo kwenye glasi, akampa mume wangu, akanipa mimi, na kabla sijawahi kumzuia akampa Mama. Nikaanza kueleza. Mama akaninyamazisha kwa mkono. Aliipokea ile glasi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake, akaiinamia, akavuta harufu yake kwa muda mrefu huku macho ameyafumba. Halafu akairudisha bila kuionja. Aliniambia inanuka kama ghala letu kipindi cha mavuno, siku ya pili, zile za chini zinapoanza kupondeka. Nilimtafsiria mwenyeji. Yeye hakucheka wala hakushangaa. Alisema ndiyo, hiyo hasa ndiyo harufu, kisha akaenda kumletea Mama juisi ya zabibu iliyokuwa haijachacha, na Mama akainywa yote.

Jioni ile tulipika wali na maharage kwenye jiko dogo la gari. Mume wangu akasimamisha hema lake umbali wa kutosha, karibu na ukingo wa shamba. Mwenye shamba alipita akitembea, akalitazama hema, akatazama gari lenye vitanda vya kutosha, akaniuliza kwa adabu kama kuna neno kati yetu. Nikacheka. Nikamweleza habari ya mkwe. Alisimama akilifikiria jambo hilo, halafu akasema angependa mama mkwe wake mwenyewe angekuwa na desturi hiyo, zamani wakati wakiishi wote kwenye ile nyumba nyekundu.

Giza liliingia bila taa yoyote ya barabarani. Nilikuwa nimesahau kwamba giza lina ukubwa. Mama alikaa kwenye kiti cha kukunja, miguu mitupu juu ya nyasi, na mjukuu wake kichwa mapajani. Harufu ya majani mabichi na ya matunda ilikuwa inakuja na kuondoka. Nilijilaza ndani, dirisha wazi, na kati ya kulala na kutolala nilisikia nyavu zikisuguana na majani, sauti kama ya mtu anayekunja shuka, na nikawa sijui kama niko Hombolo au niko kando ya ziwa, wala sikuwa na haraka ya kujua.

Nilipoamka dirisha lilikuwa jeupe. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani na kufunika kila kitu. Mti uliokuwa juu yetu ulibaki shina tu. Kitanda cha Mama kilikuwa kimetandikwa. Cha mtoto kilikuwa kitupu na blanketi liko sakafuni. Nikateremka bila viatu. Hema la mume wangu lilikuwa kimya. Sikuita. Sijui kwa nini sikuita; labda kwa sababu ukungu ule ulimfanya mtu aone aibu kupaza sauti. Nilifuata alama za nyayo kwenye umande, zikaniingiza katikati ya mistari, na hapo nikasikia watu wakizungumza upande wa pili wa mizabibu.

Nilijua sauti ya Mama. Nilijua sauti ya mwenye shamba. Sauti ya tatu ilinichukua muda, kwa sababu sikuwahi kuisikia ikisema maneno yale.

"Bibi, anasema baridi ikikuja, wao nafunika miti na udongo."

Alikuwa binti yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, ngeli zimevurugika, lakini lafudhi ilikuwa ya Mama mtupu, ile ya Kigogo inayobonyeza maneno. Nilisimama pale pale. Chini ya wavu niliona miguu yao: buti za mpira, ndala ndogo za waridi, na pindo la khanga lililolowa umande.

Mama aliuliza kama wanaifunika yote. Mtoto akamuuliza mwenyeji kwa Kiingereza, akajibiwa, akaleta jibu. Matawi yanalazwa chini, udongo unawekwa juu, ili baridi isiyaue.

"Ikiwa hai?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Bibi. Mpaka jua irudi."

 Nikasikia ndege mmoja, kisha akaacha. Halafu Mama akaanza kuzungumza taratibu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kule ghorofani, akimpa mtoto nafasi ya kutafsiri kila kipande.

"Mwambie mimi hilo siliwezi. Theluji niliyoikuta ilikuwa inakwisha, na bado naiota. Mizabibu yake imezoea kufukiwa. Mimi nitafukiwa mara moja tu, na nataka iwe Hombolo, kando ya babu yako."

Nikayasikia maneno hayo mara ya pili, kwa Kiingereza safi cha mtoto aliyezaliwa Toronto. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye neno babu aliliacha kama lilivyo, kwa Kiswahili.

 Mwenye shamba akauliza kama mimi najua.

Mama akasema sijui. Akasema nimehangaika sana na zile karatasi, nimechoka na kazi, na hakuwa tayari kuniona nikilia. Akamwonya mjukuu wake asiniambie, atanieleza mwenyewe siku ikifika. Mtoto akageuka, akamfikishia mwenyeji jibu hilo kwa uaminifu wote: mama yangu hajui, na mimi pia sitakiwi kusema.

Niliona buti zikisogea. Mkono wa mwenye shamba ukainua wavu upande wao, ukachuma, nao wote watatu wakawa wanakula zabibu kwenye ule ukungu na kutema mbegu. Mama alisema ni ndogo, lakini tamu. Niliondoka kabla wavu haujainuliwa zaidi.

Nilirudi kwenye gari miguu ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Watu hudhani habari kama ile humpiga mtu kifuani. Mimi sikupigwa. Mambo mawili yalinijia kwa pamoja, kwamba mama yangu anataka kuondoka na kwamba mwanangu anajua kusema, na nikawa sijui nianze na lipi. Nikabandika chai. Nikakata mkate, vipande vingi kuliko tulivyohitaji.

Tulikula nje, ukungu ukianza kufunguka vipande vipande. Mume wangu alichukua kikombe chake akaenda kunywea karibu na hema, kama ilivyostahili. Binti yangu, ambaye kwa kawaida huwezi kumnyamazisha, alikuwa anaitazama sahani. Nilimhurumia. Nikampa kipande cha mkate ampelekee baba yake, akakimbia kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa.

Nikamuuliza Mama kaka yangu atakata matawi lini mwaka huu.

Akasema wakishamaliza kuvuna. Mwezi huu, au ujao.

"Ungependa uwepo?"

Akakoroga chai. "Kazi ile kaka yako anaiweza."

"Siulizi habari ya kazi, Mama. Nauliza kama unataka kurudi nyumbani."

Aliacha kukoroga. Aliangalia kule mjukuu wake alikokwenda.

"Amekwambia?"

"Hajaniambia kitu. Nilikuwa upande wa pili wa wavu."

Mama alinitazama muda mrefu, na uso wake ukalegea pole pole, kama mtu aliyetua mzigo na bado anausikia begani. Akasema, basi umesikia. Nikasema nimesikia. Alitaka kuniomba radhi, nikamzuia.

"Nyumba yako ni nzuri," alisema. "Chakula kipo, mkwe wangu ana adabu, mtoto ananipenda. Lakini asubuhi nikiamka sina cha kukiamkia. Ninaoga, ninavaa, halafu ninasubiri mlale tena."

Mimi ni mtu wa kutunza wazee. Nimewasikia wengi wakiomba kurudi nyumbani, na kazini tumefundishwa kuwabembeleza, kuwageuzia mazungumzo, kuwauliza wanataka chai au maziwa. Kwa Mama sikuona pa kugeuzia. Nikamwambia tutatafuta tiketi kabla ya theluji. Akaniuliza kama nitalia. Nikasema labda barabarani. Akasema hapo sawa, barabarani hakuna anayekuona, kisha akavuta mkate.

Na hivyo ndivyo ilivyokwenda. Aliondoka miti ikiwa imebaki na majani machache, akiwa na masanduku mawili yaliyojaa makoti ya watu wa kanisani ambayo hakuna mtu wa Hombolo angeyahitaji. Zile karatasi nilizifunga. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akiamka alfajiri kwenda shambani mpaka miguu ilipomkatalia, na alipofariki alizikwa pale alipotaka. Binti yangu, aliyekuwa ameshakuwa msichana mrefu, alisimama kaburini akasema machache kwa Kiswahili chenye ngeli zake mwenyewe, na wanawake wa ukoo wakalia zaidi kwa ajili ya ngeli zile.

Ila ninachokikumbuka mara kwa mara ni safari ya kurudi siku ile. Mwenye shamba alitupungia mkono akiwa katikati ya mistari, akaendelea na kazi kabla hatujatoka kwenye kokoto. Mama alikaa mbele tena. Hatukuwa tumefika mbali aliposinzia. Katika miezi yote aliyokaa nasi sikuwahi kumwona amelala mchana. Sasa alilala mdomo wazi, mikono imefunguka mapajani, kichwa kimeegemea kioo. Binti yangu alikuja kukaa karibu nami akaniuliza kwa Kiingereza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha Kiswahili. Akanishangaa, akasema hakuna, alikuwa anajua siku zote, ila hakuna aliyehitaji.

Majengo marefu yakatokea mbele, ya kijivu laini kama yamechorwa kwa makaa. Tukakaribia njia ya kutokea kwenda kwetu. Mume wangu alimtupia jicho mama mkwe wake, jicho la haraka, lisilo na ukosefu wa heshima, akapunguza mwendo. Njia yetu ikafika. Hakuiingia. Akaendelea mbele taratibu, hadi tukaliona ziwa tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anaenda wapi.